Kabla ya kujenga ukumbi mwingine Lubumbashi, tuulize kwanza miti iko kwa jina la nani

Kila mara watu wa teatri na muziki wakikutana hapa Lubumbashi, iwe Kamalondo kwenye bia, iwe kwenye mkutano wa kweli wenye karatasi na maji ya chupa, maneno yanaishiaka palepale: hatuna ukumbi. Tunataka ukumbi, tena mkubwa, viti vya kukunja, klimatizeri, na kama kuna mkubwa wa siasa anasikiliza karibu atapiga kifua na kuahidi, kiisha kampeni inapita na kila mtu anarudi kufanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule ao parokiani. Mimi huo wimbo umenichosha. Mji huu ulishakuwaka na ukumbi. Teatri ya mji ilijengwa miaka ya 1950, wakati bado tunaitwa Elisabethville, na wasanifu wa kundi la Yenga pamoja na Claude Strebelle, jengo zuri sana, mpaka leo wageni wa mambo ya usanifu wakifika hapa wanalipiga picha, na sasa tunaliita Jengo la 30 Juni na ndani yake njo kulikaliwa na bunge la jimbo. Sisemi kwamba mule hakuchezwi michezo. Nasema tu ukumbi ukiupata bila kujua nani ameshika karatasi yake na kwa kazi gani, usishangae kesho ukiukuta na kazi nyingine.

Sasa niongee juu ya mahali pengine, mbali kabisa. Virginia, Marekani, si mbali na Washington, kuna pori inaitwa Wolf Trap. Ni parke ya taifa, chini ya idara ileile inayolinda parke mashuhuri kama Yellowstone, na walinzi wake wanavaa zile kofia pana za idara, lakini kazi ya hii parke si kulinda simba wala mlima, kazi yake ni muziki, opera, dansi na teatri, na kati ya parke zote za taifa kule ni yenyewe tu iliyoundwa kwa ajili ya hiyo. Kwa ukubwa si kitu cha kutisha, hekta kama 50 hivi, hapa kwetu kuna wakubwa wenye ferme za mahindi zinazoipita mbali. Jukwaa lao kubwa, Filene Center, ni la mbao, juu kuna paa lakini pembeni ni wazi, linaingiza watu kama 7,000, zaidi ya nusu wanakaa kwenye viti chini ya paa na waliobaki wanakaa nyuma kwenye mteremko wa nyasi, mbingu njo paa yao. Msimu unaanzaka mwisho wa Mei na kwenda mpaka Septemba. Shika hiyo miezi kichwani, nitaihitaji.

Nilipelekwa na dada yangu mkubwa, yaya wangu, anayeishi Maryland na watoto wake. Alinunua tiketi za nyasi, zile za bei ya chini, jioni ya orkestra, na kwenye gari alipakia sufuria ya kuku wa pilipili aliyemfunga ndani ya alumini, mikate ya kukaanga, na godoro la sponji la mtoto. Mimi nilianza kuona haya.

"Yaya, kweli batatuacha tuingie na sufuria?"

"Nyamaza, mudogo wangu. Apa kila mutu anakuyaka na chakula yake."

Na ni kweli. Mbele yetu kulikuwa na wazee wawili, mume na mke, wenye kimeza kidogo cha kukunja, kitambaa cheupe juu, glasi za kweli si za plastiki, jibini na chupa ya divai, wanakula polepole sawa vile wako nyumbani. Nyuma yetu wanafunzi na maboksi ya pitsa. Pembeni familia ya Wahindi na vyombo vya chuma vya ghorofa tatu. Hakuna mlinzi aliyefungua sufuria ya yaya akaanza maswali, hakuna mtu wa baa aliyekuja kusema hapa chakula ni cha kununua tu. Kiisha muziki ukaanza, na saa mbili ya usiku huko mwezi wa sita jua bado liko, unaona wanamuziki na unaona majani ya miti kwa mwanga uleule, halafu giza linaanza kutokea chini, kwenye vigogo, linapanda, na vimulimuli vinaanza kuwaka juu ya nyasi na watoto wanavikimbiza na hakuna anayewagombeza kwa sababu nyasi ni kubwa na sauti ya orkestra inatosha. Mtoto wa yaya alilala kwenye kipande cha pili na godoro likawa na maana yake.

Nisipambe sana. Kwenye sehemu za pole, violini zikibaki peke yake, unasikia magari, juu barabara kuu ya kulipia inayoelekea uwanja wa ndege wa Dulles inapita pale kando kabisa. Tiketi ya nyasi ni ya bei ya chini kwa mtu wa kule mwenye mshahara wa kule, na watu wengi wanafika na gari lao, ukiwa huna gari ni hesabu nyingine. Na tuseme ukweli, ile jioni sura za watu weusi kwenye ule mteremko hazikuwa mingi, ingawa mji ule na vitongoji vyake vimejaa watu weusi, Wakongomani wakiwemo. Kwa hiyo sikuja hapa kusema wale ni malaika wa utamaduni.

Kitu kilichonikamata zaidi nilikiona tuliporudi mchana, bila tiketi. Siku ambayo hakuna maonyesho mchana watu wanaingia bure tu, wanatembeza mbwa, wanakimbia, kuna njia ya miguu inazunguka kwenye miti, kuna bwawa, na ndani zaidi, ukivuka kijito, kuna kijukwaa cha watoto chenye mabenchi katikati ya miti, asubuhi za likizo wanachezea pale vikaragosi, hadithi na ngoma. Hakuna klimatizeri. Hakuna pazia jekundu. Niliangalia ile mbao na yale mabenchi nikajiambia hiki hata seremala wa Katuba anakimaliza kwa siku chache, tena kwa ukarimu wa Mungu miti ya kivuli sisi tunayo, ao tulikuwa nayo.

Sasa njo tuje kwenye uchambuzi wenyewe. Ile pori imewezaje kubaki pori, kwenye sehemu ambayo ardhi ni ya bei kali, dakika chache toka kwenye maghorofa ya Tysons? Mwanamke mmoja, Catherine Filene Shouse, aliyezaliwa 1896 kwenye familia yenye maduka makubwa Boston, alinunua ferme pale mwaka 1930, alifuga, alilima, alialika rafiki zake wa Washington. Miaka ya 1960 akaona mji unakuja, barabara zinakuja, nyumba zinakuja. Angeuza angepata pesa mingi. Yeye akaipa serikali udongo, na juu yake akaongeza pesa za kujengea jukwaa. Bunge likapitisha sheria mwaka 1966, rais Johnson akaitia saini, na sheria inasema wazi parke ni ya nini: ni ya sanaa za jukwaani. Ukumbi ukafunguliwa tarehe 1 Julai 1971, mpiga piano Van Cliburn akawepo na orkestra ya taifa, na yule mama alikuwa na miaka 75. Alikufa 1994.

Watu wakisikia hiyo hadithi wanashikaka neno moja tu, tajiri. Bila tajiri hakuna kitu. Mimi naona utajiri si funguo ya hii mambo, juu matajiri hapa Katanga tunao, shaba na kobalti zimetutengenezea wengi, na wanajengaka, wanajenga hoteli, wanajenga salle za harusi zenye nguzo kubwa za plasta. Funguo iko kwenye namna walivyogawanya kazi. Udongo na miti na majengo ni kazi ya idara ya parke, walinzi wale wa kofia, wao wanafagia, wanalinda, wanaangalia mti gani umeoza utaangukia watu. Maonyesho ni kazi ya fondasyo ya pembeni, isiyo ya faida, wao wanaita wasanii, wanauza tiketi, wanatafuta wafadhili. Anayelinda miti hana haki ya kuamua nani aimbe. Anayeleta waimbaji hana haki ya kuuza hata mita moja ya udongo. Ukimnunua mmoja hujapata kitu, lazima ununue wawili, na juu yao kuna sheria ya Bunge, hiyo nayo uinunue.

Sasa geuka uangalie kwetu. Mwaka uleule 1966, mwezi wa sita, huku Kongo ilitoka ile inayoitwa sheria ya Bakajika, iliyorudisha udongo na madini mikononi mwa Serikali. Na sheria ya ardhi ya 1973 ikakaza: udongo ni mali ya Serikali, hauuzwi, mtu anapata konsesyo tu, yaani haki ya kuutumia. Kwa karatasi basi sisi tumewapita wale wa Virginia, wao walihitaji mama tajiri ajitolee udongo wake, sisi udongo wote tayari ni wa Serikali! Kwa hesabu hiyo Lubumbashi ingekuwa imejaa Wolf Trap kila komini. Lakini kila mkaaji wa hapa anajua namna inavyoendaka: mahali pa wazi, uwanja wa watoto, kando ya mto, pembeni ya shule, asubuhi moja unakuta matofali, jioni ukuta, wiki inayofuata kuna mtu na karatasi yenye muhuri, na mwenzake ana karatasi nyingine yenye muhuri vilevile, wanaenda tribinali, na miti wakati huo ilishakatwa siku ya kwanza, juu njo namna ya kuonyesha kwamba parseli ina mwenyewe. Serikali kuwa mwenye mali haijalinda kitu, kwa sababu mwenye mali na mgawa karatasi ni nyumba moja. Hakuna wa pili wa kusema hapana.

Njo maana nawaambia wasanii wenzangu, kabla ya kuomba saruji tuombe karatasi. Karatasi ya aina gani? Mimi si wakili, lakini nimekaa na watu wa hiyo kazi na fikra inawezekana: mahali palipo na miti bado, patajwe kwa amri yenye jina la kazi yake, hapa ni pa maonyesho na matembezi basi, ulinzi uwe kwa mikono moja, mfano chuo kikuu ao jumba la makumbusho ao jimbo, na maonyesho yawe kwa shirika la wasanii lenye kontra ya miaka mingi. Wawili wasioweza kuuza bila mwenzake kupiga kelele. Haizuii wizi, hakuna karatasi inayozuia wizi Kongo, lakini inaleta mashahidi.

Na tusichelewe, kwa sababu miti yenyewe inaondoka. Anayekumbuka barabara ya Kasenga ao ya Kipushi ya zamani anajua pori ya miombo ilikuwa inakufikia haraka ukitoka mjini. Leo unaendesha, unaendesha, ni vichaka na mashina, na kila asubuhi baiskeli zinashuka mjini na mifuko ya makala imepita kichwa cha anayezisukuma. Siwalaumu hao wasukumaji hata kidogo, mji huu unapika kwa makala, mimi pia, umeme wenyewe unajua namna unavyokuja na kuondoka. Mukula, ule mti wa mbao nyekundu, nao ulikatwa ukapakiwa kwenye malori tukiangalia. Masuku, yale matunda ya porini, sokoni bado yanakuja, na mafinkubala, viwavi vya kula, kwenye masika yanakuja, lakini muulize mama anayeuza yanatoka umbali gani. Kuna sehemu zilizoponea, mfano hifadhi ya Mikembo upande wa kaskazini-mashariki ya mji, ya mtu binafsi, ambamo watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi walipima hekta 10 na kuhesabu mti mmoja mmoja. Imebaki kwa sababu mwenyewe aliamua ibaki. Ni jambo zuri na ni jambo la kutia woga, juu yote imesimama juu ya uamuzi wa mwenye nyumba.

Halafu kuna mbingu. Hapa njo naona watu wetu wanaiga vibaya. Nimeshaona michoro ya proje mbili tatu za jukwaa la nje kwa hapa, zote zina paa kubwa la chuma kama la Ulaya, na paa njo limekula nusu ya bajeti. Kwa nini? Wale wa Virginia wana paa kwa sababu msimu wao, Mei mpaka Septemba, ni msimu wa dhoruba za joto, mvua inaweza kushuka katikati ya opera, na wa kwenye nyasi wanafungua makoti ya plastiki wanabaki wamekaa. Lubumbashi, Mei mpaka Septemba, haina mvua. Ni kianga, miezi mizima hakuna tone, mbingu ya buluu mpaka inachosha. Miezi ileile ambayo wao wanalipia paa, sisi Mungu ametupa bure. Unachohitaji ni ukuta wa nyuma ya wachezaji ili sauti isikimbie, sakafu ya mbao, na mteremko ambapo watu wanakaa. Katanga ina mteremko mingi tu, na wenye kichuguu kikubwa wamekipata hata kituta cha kusimamia.

Lakini kuna tofauti ya pili na hiyo ni ngumu zaidi: jua. Kule mwezi wa sita saa mbili na nusu ya usiku bado unaona mkono wako. Hapa saa kumi na mbili jioni jua limeaga, na baridi ya Juni na Julai inashuka palepale, usiku wa kianga kwenye huu uwanda wa mita 1,200 si wa kuchezea, watoto watakohoa wiki nzima. Na giza la hapa lina mambo yake, usafiri unapanda bei, motari anakuangalia usoni anataja bei ya huruma yake, na akina mama hawataki kurudi komini ya Ruashi ao ya Kenya saa nne ya usiku, wana haki. Basi tukiiga maonyesho ya usiku na taa na jenereta inayonguruma nyuma ya waigizaji tutakuwa tumechukua yote ya gharama na kuacha yote ya bure. Mimi naona saa nane mpaka saa kumi na moja, jua liko, joto ni la kupendeza, hakuna taa hata moja, hakuna mafuta ya jenereta, na saa kumi na mbili kila mtu yuko kwenye bisi. Watu wa sono watakasirika, wanapenda taa za rangi. Wakasirike.

Moto je? Hapa hata mimi nakuna kichwa. Wolf Trap iliungua mara mbili, mara ya kwanza moto ulikula sehemu ya jengo kabla hata ya kufunguliwa mwaka 1971, na mara ya pili, tarehe 4 Aprili 1982, jengo lote la mbao likawa majivu. Mama Shouse alikuwa na miaka 85. Msimu haukufutwa, walisimamisha jengo la muda kwenye uwanja wa nyasi wakacheza mule, Bunge likatoa pesa, sehemu ya kupewa na sehemu ya kukopeshwa, watu wakachanga, na 1984 jukwaa jipya likafunguliwa, la mbao tena, safari hii na mitambo ya kuzima moto. Angalia: kilichoungua kilikuwa jengo, parke haikuungua. Sheria ilikuwepo, miti ilikuwepo, fondasyo ilikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kusema basi sasa tukate viwanja. Sisi na kianga chetu, ambapo mwezi wa nane pori zote pembeni ya mji zinawashwa na wawindaji wa panya na wakulima, moto si ajali, ni kalenda. Jukwaa la porini bila mkanda wa kuzuia moto, uliofyekwa Mei kabla ya nyasi kukauka, ni kuni tu zilizopangwa vizuri. Hiyo ni kazi ya watu na panga, inalipwa kila mwaka, na ni kitu ambacho mfadhili hapendi kulipia kwa sababu haina ubao wa kuandika jina lake.

Pesa sasa. Sheria ya madini (code minier) iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha makampuni kuweka angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya jamii zinazozunguka migodi. Kuna wenzangu wameshaandika kwamba njo hapo jukwaa letu litoke. Mimi hapo najitenga nao. Ukienda kijiji chenye maji ya kisima kilichochafuka ukawaambia pesa yenu tutajengea teatri, watakufukuza na mawe, na mimi nitawasaidia kuokota. Zile pesa ni za maji, shule na dawa. Kinachoweza kuombwa kwa mwenye mgodi ni kingine na hakimgharimu kitu: ndani ya konsesyo zao kuna vipande ambavyo hawatachimba kamwe, na palipo na uzio wao wa senyenge wachoma makala hawajaingia. Wakikubali kutoa hekta chache zenye miti kwa masharti ya maandishi, tena karibu na barabara ya bisi, wametoa zaidi kuliko jengo lolote.

Kuna wanaoniambia watu wa Lubumbashi hawana desturi ya kwenda porini kuangalia mchezo. Eti sisi ni watu wa mji, watoto wa kiwanda. Jamani. Sisi maisha yote tunaangalia michezo nje! Matanga ni nje, chini ya bashi, na usiku wa kilio kuna waimbaji, kuna wachekeshaji, kuna mjomba anayeigiza marehemu namna alivyokuwa anatembea mpaka mjane mwenyewe anacheka na machozi. Mufwankolo na kundi lake walichekesha huu mji kwa miongo, kwa Kiswahili chetu hikihiki cha Katanga, redio, televisheni na mbele ya watu, na hawakusubiri viti vya kukunja. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa gitaa lake 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na Hugh Tracey aliyekuwa anapita na mashine yake, na sauti ya gitaa lile ikasikika mpaka Kenya ya Nairobi, si Kenya ya hapa kwetu. Makanisa kila wiki yanajaza viwanja. Watu wapo. Wanachokosa ni kivuli na mahali ambapo hawatafukuzwa mwaka kesho.

Ningeanzia kwa watoto, na kile kijukwaa cha mabenchi kule kijitoni njo kimenipa hiyo fikra. Asubuhi, saa tatu mpaka saa tano, shule zinaleta darasa moja moja, mchezo wa dakika arobaini, kiisha wanatembezwa waonyeshwe huu ni mupundu, huu ni musuku, hapa mafinkubala yanapandaka. Sababu ni ya hesabu kabisa: bisi la shule lina mwenye kulilipia, mzazi anatoa franka chache bila kugombana, mchezo mmoja unachezwa mara nyingi kwa hiyo kundi linapata mshahara unaoeleweka, na mahali panapofikiwa na watoto wa shule kila wiki ni vigumu zaidi kupajengea ukuta usiku. Wakubwa watafuata. Mzazi akisikia mtoto anasimulia mezani kila siku atataka kuona.

Inabaki ile sufuria ya yaya, na hapa najua nitagombana na wenzangu, maana maonyesho ya nje hapa yanalipiwaka na bia. Mfadhili analeta hema lake, friji zake na mabango yake, na sharti la kwanza ni kwamba mtu asiingie na kitu chake. Mimi nasema tusikubali, ao tukubali nusu: auze bia yake pembeni, lakini mlangoni pasiwe na mtu wa kupekua vikapu. Familia ya watu sita ikiruhusiwa kuja na bukari yake, samaki wake na dumu la munkoyo, inaweza kulipa tiketi. Ikilazimishwa kununua soda sita kwa bei ya porini itabaki nyumbani, na tutakuwa tumejenga baa nyingine yenye miti. Na wale akina mama wanaouza mikate na karanga, tuwape mahali pao pale kwenye kituo cha bisi tangu siku ya kwanza, kwa sababu watakuja tu, na ni heri waje wakiwa wameandikwa kwenye ile karatasi na wao.